Sufuria ya Marceline na Ushuru wa Jibini

Marceline Jadin alikuwa msimamizi wa sufuria ya kermis, sikukuu ya mavuno ya parokia yetu, kwa muda mrefu kuliko mapadri watatu waliopita. Padri huja, akahamishwa. Mwenyekiti wa kata huchaguliwa, akachokwa. Lakini msimamizi wa sufuria hukaa mpaka mikono yake mwenyewe imwambie basi, na mikono ya Marceline ilikuwa ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu hajaota meno ya ukubwani.

Sufuria yenyewe ni ya chuma, kubwa kiasi kwamba ndama anaweza kulala ndani. Kila Septemba, mavuno yakikaribia kwisha, tunaipandisha juu ya moto wa kuni nyuma ya kanisa tunapika buya: kuku, mkia wa ng'ombe, viazi, karoti, kabichi, njegere na vitunguu, vyote pamoja, mpaka usiweze tena kujua kipi ni kipi. Inaanza kabla ya alfajiri na inakorogwa bila kupumzika mpaka watu watoke misa ya pili. Mwiko wake ni mrefu kama kasia. Buya ikiachwa bila kukorogwa, hata kwa muda wa kuwasha sigara, inashika chini.

Ndiyo maana kulikuwa na sheria mbili, zote za marehemu baba yake Marceline. Zamani zake mashemeji wawili walibishana pale pale juu ya serikali na bei ya maziwa. Mwenye mwiko akauachia ili amkamate mwenzake ukosi, na wakati wanagaragazana kwenye majani, buya ikaungua, parokia nzima ikala mkate mkavu. Tangu siku hiyo, kwanza, siasa hazizungumzwi karibu na sufuria. Pili, mwenye mwiko hauachii mpaka mwingine aushike mkononi mwake, na anayetuma huyo mwingine ni msimamizi peke yake, kwa kutikisa kichwa kuashiria ndiyo.

Mimi nilimfahamu Marceline kwa njia ya zizi. Kazi yangu maisha yote imekuwa kuzunguka mashamba ya watu nikiwakamulia: huyu kavunjika mguu, yule kaenda kumzika dada yake Minnesota, mwingine kapewa likizo na mkewe kwa nguvu. Mume wake Gustave alipofariki niliitwa nikae pale mwezi mzima. Siku ya pili asubuhi nikamkuta zizini kabla yangu, amevaa buti.

"Nenda kapumzike," akaniambia. "Mimi nikikaa ndani nitaanza kuosha vyombo ambavyo si vichafu."

Ng'ombe wake aliwasemesha Kiwaloni, lugha ya babu zetu waliotoka Ubelgiji, na watu akawasemesha Kiingereza. Alikuwa akisema ng'ombe ndio wa mwisho kwenye barabara ile wanaokielewa.

Sasa, mambo yalianza kuharibika kiangazi kimoja. Serikali kule Washington iliweka ushuru kwenye chuma na alumini kutoka nje. Meksiko wakajibu kwa kuweka ushuru kwenye jibini letu. Unaweza kuuliza chuma na jibini vinahusiana wapi, na sisi tuliuliza hivyo hivyo, lakini malori ya Emil Vandertie yaliyokuwa yakishuka kusini yakiwa yamejaa yakaanza kubaki uani. Emil ndiye mwenye kiwanda kidogo cha jibini njia panda, na zaidi ya nusu ya jibini lake lilikuwa linaliwa Meksiko. Akatuita uani kwake, akapanda juu ya kreti, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, macho mekundu, kwamba mambo yakiendelea hivi, mwaka mpya hataweza kuchukua maziwa ya kila mtu. Ataanza kupunguza mashamba madogo ya mwisho wa barabara.

Shamba la Marceline lilikuwa la mwisho kabisa. Baada yake ni ghuba.

Ila si kila mtu aliuchukia ushuru. Ferdinand Destree, ambaye shamba lake la cheri limepakana na Marceline, alikuwa anauombea. Juisi ya cheri kutoka ng'ambo ilikuwa inauzwa rahisi mno, na mwaka ule Ferd aliacha nusu ya matunda yake yaozee chini ya miti. Jumapili walikaa benchi moja kanisani, Ferd na Marceline, na nadhani mmoja alikuwa anamwomba Mungu ushuru uongezwe na mwingine anaomba uondolewe. Baada ya misa walipeana mkono kama kawaida.

Mtu wetu kwenye bunge la jimbo alikuwa Clovis Massart, binamu wa marehemu Gustave, kwa hiyo yeye na Marceline waliitana shemeji. Bunge la jimbo haliweki ushuru wala haliondoi, hilo kila mtu analijua. Lakini kulikuwa na azimio la kuitaka Washington ipatane na Meksiko haraka, na Emil alituambia mnunuzi wake wa Meksiko yuko tayari kungoja mpaka Krismasi kama tu ataona wakubwa wa jimbo wanasukuma. Azimio hilo lilikuwa mikononi mwa kamati ya biashara, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Clovis. Lilikaa kwake tangu Julai.

Clovis kabla ya siasa alikuwa dereva wa lori la maziwa. Hakuna jiko kwenye rasi hii ambalo hajanywa kahawa yake. Hicho ndicho kipaji chake, na nadhani ndio ugonjwa wake pia, kwa sababu mtu anayekunywa kahawa kila nyumba huzoea kuitikia kila kinachosemwa mezani.

Marceline alikuwa amepiga simu ofisini kwake mara nyingi. Kila mara msaidizi alimwambia mheshimiwa anasikiliza pande zote.

"Anasikiliza tangu Julai," Marceline akaniambia siku moja tukiwa tunasafisha mashine ya kukamua. "Hata padri kwenye kitubio hasikilizi hivyo."

"Utafanya nini?"

"Mnunuzi wa ng'ombe anakuja Jumatatu baada ya kermis. Nikiuza sasa, nitapata bei ya ng'ombe wa maziwa. Nikingoja wenzangu nao waachwe na Emil, zizi zima litakwenda kwa bei ya nyama." Akafunga bomba. "Sitaki Clovis anisaidie. Nataka tu nijue."

Basi Jumapili ya kermis ikafika. Kulikuwa na ubaridi kidogo, moshi unakwenda chini chini kuelekea makaburini. Mimi nilikuwa mezani nakata vitunguu. Ferd alikuwa anachochea moto, kazi aliyopewa kwa sababu hana mgongo wa kukoroga. Emil alikuwa ameleta jibini la kuweka juu ya pai. Vijana wawili wenye nguvu walikaa kwenye benchi wakingoja kupokezana mwiko.

Clovis akatoka misani amevaa koti zuri, nyuma yake kijana wa gazeti na kamera. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Kila mwaka mheshimiwa hushika mwiko, anapigwa picha, anakoroga kidogo, halafu Marceline anatikisa kichwa na kijana mmoja anampokea.

"Shemeji," Clovis akasema, akikunja mikono ya shati, "mwaka huu umeweka mkia wa ng'ombe wa kutosha, au unatubania?"

"Koroga, utaukuta."

Akapigwa picha. Akacheka vizuri. Kijana wa kamera akaondoka kwenda kwenye meza ya pai. Clovis akakoroga mizunguko kadhaa, akatazama kwenye benchi, akamtazama Marceline.

"Haya, nani ananipokea?"

Marceline alikuwa anafuta mikono kwa aproni yake. Hakutikisa kichwa.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado hujajibu."

"Hujaniuliza kitu."

"Ndiyo nakuuliza sasa."

Ferd akainua kichwa kutoka kwenye kuni. "Marceline. Sheria ya baba yako."

"Naijua sheria ya baba yangu, Ferd. Nimeilinda kuliko yeye. Leo naivunja mimi mwenyewe, na mtu asije akaniiga." Akamgeukia Clovis. Hakupandisha sauti, ilibidi tuache kukata vitunguu ili tumsikie. "Kesho anakuja mtu kuwachukua ng'ombe wangu. Lile azimio la Meksiko, unalitoa kwenye kamati au hulitoi? Ukilitoa, mnunuzi namwambia ageuze tela lake. Usipolitoa, nampa kamba. Neno moja tu, shemeji."

Clovis akatabasamu, tabasamu lile lile la kwenye picha. "Unajua, suala hili la ushuru lina pande nyingi."

"Pande nyingi unazo wewe. Mimi nina zizi moja."

"Mimi nasimama na wafugaji. Kila mtu hapa anajua."

"Ehe," Ferd akasema. "Unasimama nao wapi? Mei ulisimama shambani kwangu, maua ya cheri yanakuangukia mabegani kama bwana harusi, ukasema ushuru ni ukuta wa nyumba, na mwenye akili habomoi ukuta wakati wa baridi."

Emil naye akasogea, kisu cha jibini mkononi. "Kwangu ulisema ukuta huo huo ndio unaotukosesha pumzi."

Watu waliokuwa wamesimama na bakuli zao wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa kizuri. Wengine wakaanza kusogea. Nyuma ya kanisa ikajaa.

"Nilisema yote mawili," Clovis akajibu, akikoroga, "na yote mawili ni kweli. Ferd anahitaji kulindwa. Emil anahitaji soko. Mimi nikilisukuma hili azimio, ninamuumiza Ferd."

"Mimi?" Ferd akasimama, mkono kiunoni. "Azimio la jibini linaniumizaje mimi? Mimi nataka ushuru kwenye juisi. Jibini la Emil liende Meksiko, liende mwezini, mimi linanihusu nini? Nani alikwambia linaniumiza?"

Clovis akasukuma mwiko. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Buya ilikuwa imefikia pale inapokuwa nzito, ambapo mwiko unakwenda kama unakoroga udongo, na mtu asiyezoea huhisi mabega yanawaka.

"Chama," akasema mwishowe. "Wanasema ukilegeza uzi mmoja, nguo yote inafumuka."

"Kwa hiyo ulikuwa unajificha nyuma ya miti yangu," Ferd akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliyegundua nani amekuwa akimwibia kuni.

"Nipokeeni," Clovis akasema. "Mikono inakufa."

Kijana mmoja akanyanyuka kwenye benchi. Akamtazama Marceline. Marceline hakutikisa kichwa. Kijana akakaa tena, akaangalia viatu vyake.

Watoto walikuwa wanapiga kelele kule mbele kwenye mchezo wa kurusha pete, na sisi huku tulisikia kuni zinapasuka. Clovis angeweza kuachia. Alikuwa mtu mzima, mbunge, ana gari pale nje. Lakini alikulia hapa. Mkono wake haukuweza, kama vile wa kwangu usingeweza.

"Shemeji," Marceline akasema, "sikutukani. Sitakununia hata. Niambie tu."

Clovis akaangalia ndani ya sufuria. Aliposema, hakusema na watu. Alikuwa kama anasema na viazi.

"Silitoi. Liko droo ya chini. Nikilitoa, chama kitaleta mtu wa kunipinga, na fedha atapewa. Nikilikataa hadharani, nyinyi mtaniondoa. Kwa hiyo nimeliacha lilale humo mpaka kipindi cha bunge kiishe. Life lenyewe, asilaumiwe mtu."

Kila neno alilisukuma pamoja na mwiko, kwa nguvu, mpaka chini.

"Haya," Marceline akasema. "Asante." Na hakuwa anamkejeli. Nilimwona usoni. Alikuwa kama mtu aliyengojea majibu ya daktari, akapewa, mabaya, lakini amepewa.

Akatikisa kichwa. Kijana akaruka kutoka benchi. Na hapo hapo Marceline akanusa.

Sisi tulinusa baadaye. Yeye alikuwa ameshamfikia Clovis, amemnyang'anya mwiko, anasema, "Ferd, toa kuni, toa zote," na Ferd anavuta magogo kwa ndoano huku analaani. Clovis alipochoka mwiko ulikuwa haufiki tena chini, na buya ilikuwa imeshika. Na si kushika tu, maana ikishika chini na hujaigusa, unaweza kuteka ya juu polepole ukaiokoa. Clovis alikuwa amekwaruza. Kila alipokuwa anasema, alikuwa anaung'oa ule weusi wa chini na kuuchanganya. Na Marceline, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kuondoa macho kwenye sufuria hata askofu alipokuja kumsalimia, safari hii alikuwa anaangalia uso wa mtu.

Akaonja. Akanipa na mimi nionje. Nikamrudishia kijiko.

"Imeungua," akasema.

Akaenda mwenyewe mpaka mbele ya foleni, watu wamebeba bakuli na vyungu vya kupeleka nyumbani, akawaambia: "Buya imeungua. Kosa ni langu. Mkate upo na pai zipo."

Hakuna aliyejua afanye nini. Ndipo Ferd akapita katikati yao, mikono myeusi kwa masizi, akanyoosha bakuli.

"Nitilie," akasema. "Marehemu mke wangu alinipikia hivi hivi toka siku ya harusi, na nikanenepa."

Foleni ikasogea. Tulikula. Ilikuwa na ladha ya moshi na chuma, na tulikula. Clovis naye alipanga foleni, akatiliwa, akaenda kula peke yake kando ya ukuta wa kanisa, koti lake zuri begani.

Jumatatu nilikwenda kwa Marceline kumsaidia kukamua mara ya mwisho. Mnunuzi alifika na tela lake tukiwa tunamaliza. Halafu gari jingine likaingia uani, akashuka Clovis, amevaa buti za mpira.

Marceline akamtazama toka juu mpaka chini. "Umekuja kupigwa picha?"

"Nimekuja kupakia."

"Haya. Mchukue Babette."

Babette ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kwenye taya, ambaye hapandi kitu chochote asichokijua. Clovis akamsukuma, akamvuta, akakanyagwa mguu. Tukawapakia wengine wote, yeye bado yuko na Babette uani, wanazunguka kama wacheza dansi.

"Msemeshe Kiwaloni," Marceline akamwambia.

"Nimekisahau."

"Basi mshike mkia, mimi nitasema." Akasogea kwenye sikio la Babette akamwambia maneno ambayo bibi yangu alikuwa akiniambia mimi wakati wa kulala. Babette akapanda.

Walipofunga mlango wa tela, Clovis akabaki ameshika komeo.

"Nikilitoa Alhamisi?" akauliza.

"Litoe. Emil ana wengine kwenye barabara hii."

"Na wewe?"

"Wangu wamo humu ndani, shemeji," Marceline akasema, akagonga ubao wa tela kwa kiganja, na dereva akaondoa gari.

Clovis alilitoa ile Alhamisi. Likapita kwenye kamati yake kwa shida, likapanda juu, na huko juu likakwama kwenye droo ya mtu mwingine. Hata hivyo mnunuzi wa Meksiko akangoja kidogo kama alivyoahidi, na Emil akaweza kubaki na mashamba mawili ambayo angeyaacha. Chama kikaleta mtu wa kumpinga Clovis, na Agosti iliyofuata akashindwa kwenye kura za mchujo za chama, tena vibaya. Watu wa cheri hawakumpa kura kwa sababu alilitoa, na watu wa maziwa hawakumpa kwa sababu alichelewa kulitoa.

Ushuru wenyewe uliondolewa mapema zaidi, wakati wa machipuko. Wakubwa walikaa mahali, wakatia sahihi, malori ya Emil yakashuka tena kusini yamejaa. Nilipita kwa Marceline kumpa habari nikamkuta anaanika shuka. Zizi nyuma yake lilikuwa wazi, mbayuwayu wanaingia na kutoka. Alikuwa ameanza kwenda kusafisha vyumba kwenye hoteli moja ya watalii kaskazini, siku nne kwa wiki, na alisema shida ni kwamba anaamka saa ile ile ya kukamua na hana mtu wa kuongea naye.

"Wameondoa," nikamwambia. "Ule wa Meksiko."

Akabana shuka kwenye kamba, akachukua nyingine. "Basi Emil atapata usingizi," akasema.

Kermis ya mwaka huo Clovis alikuja bila koti zuri na bila mtu wa kamera. Yule aliyemshinda alishapita asubuhi, akapigwa picha na mwiko, akatabasamu, akapokewa, akaenda zake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Clovis alisimama mbali na sufuria, karibu na makaburi, ameshika bakuli tupu mikono miwili. Marceline alikuwa anaangalia buya, hakuinua macho. Akatikisa kichwa kuelekea kwake.

Vijana kwenye benchi wakatazamana. Clovis akaweka bakuli juu ya jiwe la kaburi la mtu, akaja, akashika mwiko kutoka kwenye mkono wa aliyekuwepo. Akakoroga zamu nzima, ile ndefu, ya kabla ya misa ya pili, wakati inapokuwa nzito. Marceline alisimama upande wa pili wa moshi.

"Polepole, shemeji," akamwambia. "Chini usikwaruze."